Paka jiwe, usirushe bonge: mhadhara kuhusu kulisha lochi wa vijito vya milimani

Ndugu wafugaji wa samaki, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii tena. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na walioketi safu ya mbele nawaona wameanza kutabasamu kabla sijafika popote. Lakini madhali bado naonyeshwa matangi ambamo lochi wa vijito vya milimani, samaki wadogo bapa wanaojibandika juu ya mawe penye mkondo mkali, wanakonda huku chakula kikioza pembeni, sitaacha kulisema. Mara nyingi samaki hawa hawakosi chakula. Wanawekewa chakula chenye umbo wasiloweza kulitumia, tena mahali wasipoweza kukifikia.

Sitapoteza muda kuwaeleza lochi hawa ni samaki gani. Mnawajua Sewellia lineolata wa Vietnam, mnamjua Beaufortia kweichowensis wa kusini mwa China, na mnajua jamaa wa Gastromyzon wa Borneo. Ninachotaka mkizingatie leo ni mdomo tu. Mdomo wa lochi uko chini ya kichwa, umetazama jiwe, na taya zake zina ukingo mgumu wa kukwangulia. Samaki huyu hanyakui chakula majini, wala hamezi donge. Hujibandika juu ya jiwe kwa mapezi yake mapana, mkondo ukipita juu ya mgongo wake, kisha hukwangua ule utando mwembamba ulioota juu ya jiwe. Kumdondoshea kipande cha jeli, yaani chakula kilichosagwa na kugandishwa, chenye pembe nne katikati ya mkondo mkali ni sawa na kumtundikia mbuzi majani juu ya paa na kulalamika kwamba hali.

Niruhusuni nieleze habari ya tangi moja, ingawa wengine mmeisikia. Mfugaji mmoja, mtu makini kuliko wengi wetu, aliniita nikamtazamie lochi wake. Tangi lilikuwa linang'aa, maji yana baridi ya kutosha, pampu inasukuma mkondo vizuri, wala hapakuwa na cha kulaumu. Jeli alikuwa ameitengeneza mwenyewe kwa kamba, njegere na spirulina, ule unga wa kijani ufananao na wa mwani, na nakiri kwamba ilikuwa jeli nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuona. Akakata vipande vya mraba, akadondosha kimoja mbele yangu. Danio, samaki wadogo wepesi waliokuwa humo tangini, wakakivamia kabla hakijagusa changarawe, na kilichobaki kikaviringishwa na mkondo mpaka nyuma ya chujio, ambako ninaamini vilikuwa vimelala vya siku iliyotangulia. Lochi walikuwa wamejibandika kwenye kioo na hawakusogea hata kidogo.

Akaniambia, kwa fahari kabisa, kwamba samaki wake ni wanene. Ukiwatazama kwa juu, kweli walionekana wanene, kwa sababu mapezi ya lochi yametanda pande zote na kuuficha mwili. Nikaomba tochi. Lochi anapojibandika kwenye kioo hukuonyesha tumbo lake lote bila kuombwa, na hapo ndipo pa kumpimia: aliyeshiba, tumbo lake huwa limejaa na kutuna kidogo nyuma ya mdomo, mara nyingi likionyesha rangi ya alichokula; lakini mwenye njaa, tumbo huwa limebonyea kwa ndani, limefanya kishimo kati ya mapezi ya mbele na ya nyuma. Samaki wote katika tangi lile walikuwa na kishimo. Mwenye tangi alinyamaza.

Tukachukua jeli ileile, maana haikuwa na kosa lolote, tukaipasha moto polepole mpaka ikayeyuka, tukachovya mawe mawili makavu yenye uso wa kukwaruza, tukayaacha yapoe mpaka jeli ikaganda na kuwa ngozi nyembamba ya milimita 1 au 2. Jioni, taa zilipozimwa na danio walipotulia, mawe yakawekwa pale pale lochi walipozoea kukaa. Asubuhi ngozi ile ilikuwa na njia njia zilizokwanguliwa, zimepishana kama zilivyopishana safari za samaki wenyewe, na kwingine jiwe lilikuwa limebaki wazi. Viungo havikubadilishwa hata kimoja.

Najua kuna mtu hapa anayesubiri kuniambia kwamba lochi wake hupanda juu ya kipande cha jeli na kukila vizuri tu. Ndiyo, hupanda, iwapo kipande ni kikubwa, ni bapa, kimetulia, na hakuna samaki mwepesi wa kumnyang'anya. Ukishatimiza masharti hayo yote, ndugu yangu, umeshatengeneza jiwe. Ulichobakiza ni kukubali tu.

Na kuna mwingine, huyu hakosekani katika mkutano wowote, atakayesema kwamba hawa ni wala mwani, kwa hiyo waachiwe mwani wa kwenye kioo. Utando wa kijitoni si mwani mtupu. Pamoja na diatomu, ambazo ni mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, ndani yake mna bakteria, mabuu ya wadudu na vijidudu vya jamii ya kamba, na lochi hukwangua vyote kwa pamoja bila kuchagua. Ndiyo maana jeli yao haifai kuwa majani peke yake wala nyama peke yake. Isitoshe, huo mwani wa kwenye kioo mnaousifu ndio huohuo mnaoupangusa kila wiki kabla ya wageni kuja. Anayetaka utando wa kweli aweke mawe katika chombo cha maji penye mwanga mkali, ayaache mpaka yapate rangi ya kahawia na kijani, kisha awe anayabadilishana na yale ya tangini. Jeli isaidiane na mawe hayo. Isichukue nafasi yake.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo haya mengine nitayapitia haraka.

Kuhusu kigandishi, jelatini inatosha katika matangi yetu kwa sababu lochi hawa hupenda maji ya nyuzi 20 hadi 24 hivi, na katika baridi hiyo jelatini haiyeyuki. Agari, kigandishi kitokanacho na mwani wa baharini, huhitaji kuchemshwa barabara, na gramu 10 kwa lita 1 ya maji hutoa jeli imara isiyojali joto la tangi. Kasoro yake ni kwamba ukiigandisha kwenye friza na kuiyeyusha, hutoa maji na kulegea. Anayependa kutia papai au nanasi bichi asiende kwenye jelatini, kwa maana vimeng'enya vya matunda hayo huivunja isigande kabisa. Wanaotumia unga uliochanganywa tayari wafuate kipimo cha kwenye pakiti, ambacho kwa kawaida ni sehemu 1 ya unga kwa sehemu 2 au 3 za maji ya moto, na wachovye jiwe mchanganyiko unapoanza kuwa mzito, si ukiwa bado majimaji. Vitamini zitiwe mwishoni, moto ukishapungua, kwa sababu vitamini C haivumilii joto.

Jiwe liwe kavu kabisa kabla ya kuchovywa, la sivyo jeli itabanduka kipande kizima na mtaniletea lawama mimi. Litolewe kesho yake asubuhi hata kama limebaki na chakula. Jeli haitawanyiki upesi kama vidonge, na uzuri huo huwadanganya watu wakaiacha siku tatu, amonia, sumu itokanayo na chakula kinachooza, ikapanda, na samaki aliyezoea maji ya kijito, yenye oksijeni tele, akawa wa kwanza kuumia.

Jambo la mwisho, na hili nilitaka kulipa nafasi kubwa zaidi kuliko niliyobakiwa nayo. Wengi wa samaki hawa bado huvuliwa mtoni, na huenda wakaja na minyoo tumboni. Ukimwona lochi anakwangua jiwe kila usiku, wenzake wakinenepa, naye akabaki na kishimo tumboni kwa wiki kadhaa, usihangaike kubadilisha jeli. Mtenge katika tangi la peke yake, lenye mkondo uleule, umtibu minyoo.