Gari Husimamishwa na Tairi
Mhadhara kwa madereva wageni wa majira ya baridi, Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani

Shikamooni wazee wangu. Ndugu na dada zangu, habari za jioni. Nimefurahi kuona ukumbi umejaa, maana upepo wa huko nje unakata masikio na bado ni Novemba. Wengine mmefika mwaka huu kutoka Kigoma, Bukavu, Nakuru, Mombasa. Leseni mmeipata kiangazi, gari mmelinunua, na hamjawahi kukanyaga breki juu ya barafu hata mara moja. Ninyi hasa ndio niliowajia.

Kabla ya kuja Minnesota niliendesha lori miaka tisa, Dar es Salaam hadi Tunduma. Mlima wa Kitonga nimeupanda na kuushuka na mzigo, usiku, mvua ikinyesha. Kwa hiyo nilipofika hapa niliamini udereva ninao. Januari yangu ya kwanza, saa kumi na moja na nusu alfajiri, natoka zamu ya usiku, barabara naiona nyeusi, safi, kama imelowa kidogo tu. Nikaingia darajani. Mbele yangu taa za breki zikawaka, nami nikakanyaga breki kama nilivyozoea. Gari halikupunguza mwendo hata kidogo. Liliendelea kwenda, kimya kabisa, bila mlio wa tairi, usukani umekuwa mwepesi mikononi kama haujaunganishwa na kitu chochote. Likageuka ubavu, likagonga ukingo, likasimama likitazama kule nilikotoka. Hakuna aliyeumia. Nilikaa pale nikisikia moyo wangu unavyodunda.

Ule ukimya naomba mwukumbuke. Lami iliyolowa ina sauti: tairi hufoka, maji huruka nyuma ya gari lililo mbele yako. Ukiona barabara inang'aa kama imelowa, lakini hakuna maji yanayorushwa na sauti ya tairi imepotea, hapo uko juu ya barafu nyembamba ambayo jicho halioni. Darajani ndiko huanza, kwa sababu daraja linapigwa na upepo juu na chini, halina ardhi ya kulihifadhia joto.

Sasa, watu wengi wakifikiria theluji huogopa kukwama. Wananiuliza, je, ninunue gari linalovuta magurudumu yote manne? Nawajibu kwamba gari la namna hiyo litakusaidia kuondoka. Kusimama halikusaidii hata kidogo, maana kila gari lina breki kwenye magurudumu manne tangu zamani. Anayeingia mtaroni huku ni yule aliyeondoka vizuri, akakoleza mwendo, halafu akashindwa kusimama. Injini inakuendesha, lakini kinachokushika barabarani ni mipira minne tu, kila mmoja ukigusa lami kwa eneo linalokaribiana na kiganja changu hiki. Viganja vinne. Maisha yako na ya watoto waliokaa nyuma yako hapo.

Nimekuja na vipande viwili vya mpira wa tairi, vyote vimelala nje tangu asubuhi. Naomba mpokezane. Bonyezeni kwa dole gumba. Hiki cha kwanza ni cha tairi la kawaida. Kimekakamaa, sivyo? Ni kama soli ya kiatu cha plastiki. Hiki cha pili ni cha tairi la baridi, bado kinabonyea. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, hata kama hakuna theluji, na mpira uliokakamaa haushiki. Tazameni pia hivi vijimkato vyembamba juu ya kila jino. Hivyo ndivyo vinavyong'ata theluji.

Tairi la kweli la baridi lina alama ubavuni: mlima wa vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Ukiona herufi M na S peke yake, usidhani umepata. Funga yote manne. Ukifunga mawili ya mbele tu kwa kubana matumizi, mbele itashika na nyuma itakupita kwenye kona. Jirani zetu wa Quebec, kule Kanada, sheria inawalazimisha kufunga matairi haya kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Hapa Minnesota sheria hiyo haipo, kwa hiyo kila mtu anajiamulia, na najua wengi wetu tunaamua kwa kutazama kodi ya nyumba na pesa ya kutuma nyumbani. Silaumu. Lakini kama huwezi kununua mapya, jifunze kukagua ya zamani. Chukua sarafu ya robo dola, ipindue kichwa cha Washington kiwe chini, ichomeke kati ya meno ya tairi. Ukiona utosi wake wote, meno yamebaki chini ya milimita 3 hivi, na tairi hilo kwenye theluji halina kazi. Kisha tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Aliyeniuzia gari lile la darajani aliniambia matairi yana meno mengi, na kweli yalikuwa nayo. Yalikuwa pia na miaka kumi na moja, mpira umekauka kama mti.

Na upepo upimeni. Kila joto likishuka nyuzi 5 au 6, tairi hupungua karibu PSI 1. Lililojazwa siku ya nyuzi 20 litakuwa limepungua karibu PSI 7 siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri, bila kutoboka popote.

Kwenye uendeshaji wenyewe nina neno moja nililolijua tangu kwenye matope ya masika: usilishtukize gari. Waliowahi kupita njia ya udongo mweusi wa mfinyanzi wakati wa mvua wananielewa. Huko hukanyagi mafuta ghafla, hukati kona ghafla, hushiki breki ghafla. Barafu ni vilevile, ila haikupi nafasi ya pili. Tairi lina uwezo mdogo wa kushika, na ukiutumia wote kwenye breki, hakuna kinachobaki cha kukata kona. Kwa hiyo breki zishike ukiwa bado umenyooka, mapema, kisha achia, ndipo ukate kona taratibu. Mwongozo wa barabara wa Uingereza huwaambia madereva kwamba kwenye barafu umbali wa kusimama unaweza kufika mara kumi ya kawaida. Acheni nafasi hiyo. Atakayeingia mbele yako mwache aingie. Kwenye mteremko teremka na gia ndogo, vilevile tulivyoshuka Kitonga, na ile mitambo ya kujiendesha kwa mwendo mmoja izime.

Gari likianza kukukimbia, inua mguu kwenye mafuta, kisha tazama unakotaka kwenda. Natilia mkazo macho, kwa sababu mikono hufuata macho, na ukiutazama mtaro utaufikia. Nyuma ikikimbilia kulia, peleka usukani kulia, kidogo, halafu urudishe mara tu gari linapoanza kunyooka. Ikibidi ushike breki na gari lako lina ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, kanyaga na usiachie. Pedali itatetemeka na kugongagonga mguu wako. Wengi huogopa wakidhani kitu kimekatika, wakainua mguu. Usiinue. Huo mtetemo ndio mfumo wenyewe unafanya kazi. Theluji ya kwanza ikianguka, nenda kwenye uwanja mtupu wa maegesho, kwa ruhusa ya wenyewe, ukanyage breki kwa nguvu mara kumi, mguu wako uuzoee.

Chumvi msiiamini kupita kiasi. Ile inayomwagwa barabarani huyeyusha vizuri baridi ikiwa ya wastani, lakini joto likishuka chini ya nyuzi 9 chini ya sifuri hivi, kazi yake inazidi kuwa ya polepole. Siku zile za nyuzi 25 chini ya sifuri barabara inaweza kuwa na chumvi na bado ikateleza. Na siku hizo kuna hatari nyingine kwenye makutano ya taa: mvuke unaotoka kwenye mabomba ya moshi ya magari yanayosubiri huanguka na kuganda pale pale yanaposimamia. Chumvi hiyohiyo inakula chuma. Kila inapopatikana siku ya afadhali, peleka gari likaoshwe chini, siyo bodi tu. Mabomba ya breki yako huko.

Betri nitaisema kwa ufupi. Kwenye nyuzi sifuri hupoteza kama theluthi ya nguvu, na kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri zaidi ya nusu, huku oili ikiwa imekuwa nzito na stata inadai nguvu zaidi. Betri iliyokuwa inasuasua Septemba itakufa Januari, tena asubuhi ya kazi. Ipimeni sasa. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huvumilia hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Ukijaza maji matupu kwenye rejeta kama tulivyozoea nyumbani, yataganda na kupasua injini. Maji ya wipa nayo yawe ya baridi. Kioo kikiganda, kikwangue. Ukimwagia maji ya moto kitapasuka.

Tangi lisishuke chini ya nusu. Mwaka 1991 theluji iliyoanza siku ya Oktoba 31 iliangusha zaidi ya sentimita 70 hapa kwenye miji yetu miwili, Minneapolis na Saint Paul, kabla haijakoma, na watu hawakuwa wamejiandaa, maana ilikuwa bado Oktoba. Ukikwama njiani, baki garini. Weka ndani blanketi, koleo, tochi, maji, kitu cha kula, na mchanga wa kumwaga chini ya tairi. Washa injini dakika kumi kila saa upate joto, lakini kwanza toka uondoe theluji kwenye bomba la moshi. Likizibwa, moshi unarudi ndani, na ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia tu.

Kuhusu maegesho, kwa mnaoishi Minneapolis: jiji likitangaza dharura ya theluji, usiku wa kwanza hakuna kuegesha kwenye njia kuu zilizowekewa alama, siku ya pili hakuna kuegesha upande wa namba shufwa kwenye mitaa mingine, siku ya tatu hakuna kuegesha upande wa namba witiri. Ukikosea, gari linavutwa, na gharama yake ni mshahara wa siku kadhaa.

Naona mama pale ameinua mkono. Ndiyo, mama.

Anauliza kama ni sawa kuliwasha gari na kuliacha lipate joto nusu saa kabla ya kwenda zamu. Mama yangu, dakika moja au mbili zinatosha kwa injini, kisha uondoke polepole. Injini hupata joto upesi zaidi ikitembea. Hizo dakika nyingine zitumie kuondoa theluji gari zima, vioo vyote, taa, na paa, maana ya paa huteremkia kioo cha mbele unaposhika breki. Na kama gari lako linalala gereji, lisiwake humo ndani, hata mlango ukiwa wazi. Litoe nje kwanza, ndipo urudi kumchukua mtoto.