Harusi ya Yatima Usiku wa Sabato

Ndugu zangu, asanteni kwa kunialika. Mmeniomba nieleze ni siku zipi Wayahudi hufunga ndoa na zipi hawafungi. Nitaanza na binti mmoja wa Kraków, Poland, katika karne ya 16.

Binti huyu alikuwa yatima. Harusi yake ilikuwa Ijumaa, lakini mali iliyoahidiwa na upande wake ilipungua karibu theluthi, bwana harusi akagoma kusimama chini ya hupa, yaani chandarua cha ndoa. Wakubwa wa mji wakavutana naye hadi jua likazama. Sabato ikaingia, maana kwa Wayahudi usiku hutangulia mchana, kama wazee wetu wa pwani wanavyohesabu. Na Sabato haifungwi ndoa: ndoa ni mkataba wenye hati, na siku hiyo hawaandiki wala hawapatani mambo ya mali.

Hatimaye walipoafikiana, Rabi (mwalimu wa sheria ya dini) Moses Isserles, aliyefariki 1572, aliwafungisha ndoa usiku uleule, dakika kama 90 baada ya giza kuingia. Akalaumiwa. Akajibu kwa maandishi kwamba heshima ya mwanadamu ni kubwa, na kuahirisha kungemwachia binti aibu ya maisha. Lakini akaonya jambo hilo lisigeuzwe mazoea. Kila nikisoma jibu lile naguswa upya, kwa sababu aliyeandika ndiye mtunza sheria mwenyewe.

Huruma hiyo haikuanzia kwake. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasema bikira huolewa Jumatano, mjane Alhamisi. Sababu moja ni mahakama: zilikaa Jumatatu na Alhamisi, na mume mwenye shaka juu ya ubikira aliweza kuwahi asubuhi. Sababu hiyo siipendi. Lakini Talmudi, kitabu cha mijadala juu ya Mishna, inauliza, basi mbona isiwe Jumapili, usiku wa kuamkia Jumatatu? Inajibu: wanazuoni walitaka mume ahangaikie karamu ya binti kwa siku tatu nzima. Na mjane wa Alhamisi, mumewe akae naye hadi Sabato iishe ndipo arudi kazini.

Siku hizi wengi hupenda Jumanne. Katika Mwanzo, siku ya tatu Mungu aliona kuwa ni vyema mara mbili. Jina letu lisiwachanganye: sisi tunaanza kuhesabu Jumamosi, wao Jumapili.

Sikukuu nazo hazina harusi, hata siku za katikati ya Pasaka na Vibanda. Furaha haichanganywi na furaha nyingine.

Kisha ipo misiba. Kati ya Pasaka na Sikukuu ya Majuma kuna siku 49, na katika sehemu kubwa ya siku hizo harusi husimama kwa kuwakumbuka wanafunzi 24,000 wa Rabi Akiva, mwanazuoni wa kale, waliokufa. Kwa Waashkenazi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, uchungu uliongezwa na mauaji ya Wayahudi ya mwaka 1096 kando ya mto Rhine. Siku ya 33 wengi hupumua, wakaoa. Baadaye huja wiki tatu za kuomboleza Hekalu, kuanzia tarehe 17 Tamuzi hadi 9 Avu, miezi ya kalenda ya Kiyahudi, ingawa Wasefaradi wengi, Wayahudi wenye asili ya Hispania, husitisha harusi tangu mwandamo wa Avu tu.

Siku sita baada ya kilio hicho, tarehe 15 Avu, mabinti wa Yerusalemu walikuwa wakitoka kucheza katika mashamba ya mizabibu wakiwa na nguo nyeupe. Zote za kuazima, asije akaaibika asiye nayo. Hata binti wa mfalme aliazima, kwa binti wa kuhani mkuu.