Gari la Chini Lisilotesa Abiria: Mhadhara kwa Vijana na Mafundi wa Chake Chake

Assalamu alaykum. Nawashukuru vijana wa Chake Chake mlionialika, na nawashukuru zaidi mafundi mlioacha kazi zenu jioni hii mkaja kukaa hapa. Nimevuka leo kutoka Unguja, nikateremka Mkoani, nikapokewa na kijana mmoja aliyekaa mstari wa mbele hapo. Gari lake ni Toyota IST, limeshushwa likae karibu na ardhi, safi kabisa. Njia nzima yeye alikuwa anazungumza, mimi nasikiliza gari. Kwenye kila tuta nilisikia kishindo kimoja kifupi chini ya miguu yangu: gop! Kishindo hicho ndicho kilichonileta kuzungumza nanyi.

Sikuja kumkataza mtu kushusha gari. Gari lililokaa chini, tairi imelingana na ukingo wa madigadi, linapendeza, nami nayapenda tangu ujana. Ninalotaka mlishike ni kwamba gari la chini linapoumiza watu, mara nyingi si kwa ugumu wa springi. Linaumiza kwa sababu gurudumu halina tena nafasi ya kupanda.

Nililijua hili kwa njia mbaya. Nilikuwa na Toyota Mark II, toleo la GX100, nikakata springi zake kwa grenda, koili moja na nusu kila upande. Rafiki zangu wote waliisifu. Siku moja nikampakia mama yangu kiti cha nyuma, kutoka Fuoni kumpeleka hospitali mjini. Alikuwa na maradhi ya mgongo. Tuta la kwanza alinyamaza. La pili alinishika bega, akasema: "Mwanangu, niteremshe, nitakwenda kwa miguu." Mtu aliyekuwa hawezi kusimama muda wa kuswali! Nilirudi nyumbani siku ile nikalala chini ya gari na tochi, nikaanza kupima kitu ambacho nilipaswa kukipima kabla ya kushika grenda.

Hebu tuangalie nilichokikuta. Kwenye shokapu, ile bomba inayotuliza springi, juu ya ile fimbo yake inayong'aa, kuna kipande cha raba au povu gumu. Kazi yake ni kuzuia chuma kisigonge chuma siku gari likiingia shimo kubwa. Gari likiwa na urefu wake wa kiwandani, tuseme gurudumu lina milimita 80 za kupanda kabla ya kufika kwenye raba hiyo. Ukishusha milimita 50, umebakiwa na 30. Tuta la barabarani kwetu linataka zaidi ya hapo. Kwa hiyo gurudumu linapanda milimita 30 kwa springi, na zilizobaki linaipanda raba, ambayo ugumu wake unaongezeka ghafla mara nyingi. Ile gop ni raba. Springi haikupata hata nafasi ya kufanya kazi yake.

Na kukata springi kuna hasara nyingine juu ya hiyo. Ugumu wa springi unakwenda kinyume na idadi ya koili zinazofanya kazi. Springi yenye koili 6, ukikata moja na nusu zikabaki nne na nusu, imekuwa ngumu kwa theluthi moja zaidi. Halafu ukiinua gari kwa jeki inacheza kwenye kikombe chake, na ikitoka mahali pake barabarani ni hatari ya maisha. Wanaochoma springi kwa moto ili ikae chini ni wabaya zaidi, maana chuma kile kimepikwa kiwandani kwa joto la kipimo. Ukikichoma ovyo, umekiua.

Sasa sikilizeni kosa ninaloliona kila wiki. Kijana anasikia gop, anasema springi zangu ngumu, anatafuta laini zaidi. Springi laini kwenye gari la chini inakunjika upesi, inaifikia raba mapema zaidi, na gari linaumiza kuliko jana. Gari la chini linahitaji springi ngumu kidogo kuliko ya kiwandani, kwa kuwa nafasi ni ndogo na lazima gurudumu lisimame kabla ya raba. Ukitaka ulaini wote wa kiwandani, kubali urefu wa kiwandani. Mimi kwa magari ya familia nasimamia milimita 25 hadi 35 za kushusha, si zaidi, na kwa barabara zetu naona hiyo inatosha mtu kujivunia.

Je, ngumu kidogo ni kiasi gani? Springi hupimwa kwa kilo kwa milimita, yaani kilo ngapi ziikunje milimita moja. Chukueni kona moja ya gari inayobeba kilo 300. Springi ikiwa na nguvu ya kilo 2 kwa milimita pale kwenye gurudumu, bodi itapanda na kushuka kama mara 1.3 kwa sekunde. Kwa kilo 3 inakuwa kama 1.6. Kwa kilo 6 inapita 2.2. Mwili wa binadamu umezoea mwendo wa kutembea, ndiyo maana mara 1 hadi 1.5 tunaita raha. Mitikisiko inayotuchosha hasa ni ile ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde, na kadiri springi inavyozidi ugumu ndivyo inavyoipitisha mitikisiko hiyo mpaka kwenye kiti. Gari la chini la nyumbani, mimi nalitaka kwenye 1.5 hadi 1.8. Likipita 2, hilo la mashindano.

Lakini namba iliyoandikwa kwenye boksi la springi siyo namba ya gurudumu, na hapa nawaomba mafundi wanisikilize kwa makini. IST mbele ina mguu wa MacPherson: springi imesimama karibu kabisa na gurudumu, kwa hiyo kilo 6 za boksi ni karibu kilo 6 za gurudumu. Mark II ina wishiboni mbili, yaani mikono miwili inayoshika gurudumu, na springi inakaa ndani kwenye mkono. Gurudumu likipanda milimita 10, springi inakunjika tuseme 7. Nguvu ya springi unaizidisha kwa 0.7, halafu kwa 0.7 tena. Kilo 8 za boksi zinakuwa kama kilo 4 tu chini. Ndiyo maana mtu mwenye Mark II au Altezza atakwambia "mimi nina kilo 8, gari tamu," nawe ukamwiga kwenye IST ukajuta. Hakusema uongo, magari yenu ndiyo hayafanani.

Kuna na mpangilio wa mbele na nyuma. Miaka ya 1930 mhandisi Mwingereza, Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce akaenda General Motors Marekani, alilichunguza jambo hili kwa gari la majaribio lenye mizigo ya kuhamishwahamishwa. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayolipata tuta kwanza, ya nyuma baadaye. Nyuma ikicheza haraka kidogo kuliko mbele, inaifikia, na gari linatulia likiwa sambamba. Ikicheza polepole zaidi, gari linanesanesa kama ngalawa na abiria wa nyuma wanatapika. Kwa hiyo msikubali seti ambayo mbele ni ngumu sana na nyuma imelegezwa "kwa raha ya abiria". Na pimeni nyuma mkiwa mmepakia. Gari linaloondoka hapa Ijumaa kwenda Konde na watu watano na gunia la ndizi si gari lile ulilolipima tupu gereji.

Springi nimeisema kwa kirefu, lakini pesa yangu mimi naiweka kwenye shokapu. Springi hubeba, shokapu hutuliza. Shokapu ya kiwandani imetengenezwa kwa springi ya kiwandani. Ukiweka springi fupi na ngumu juu ya shokapu iliyochoka, gari linaruka tuta moja linaendelea kuruka mpaka la pili. Ukiweka shokapu ngumu kupita kiasi, gari linapoingia mashimo ya mfululizo shokapu haiwahi kufunguka, gari linazidi kujikunja chini mpaka linafika kwenye raba, na umerudi kwenye gop. Kama shokapu yako ina kitufe cha kurekebisha, kikaze mpaka mwisho, kisha kirudishe nyuma huku ukihesabu milio, ukiandika kwenye daftari. Tembea barabara ileile kwa mwendo uleule. Badilisha milio miwili miwili, usibadilishe kitu kingine siku hiyo.

Koilova, yaani springi na shokapu vilivyofungwa pamoja na vinavyorekebishika urefu, zipo za namna mbili. Moja unashusha gari kwa kuteremsha kola, ile pete iliyobeba springi. Hiyo inakula nafasi ya shokapu, kila milimita unayoshusha unaikata kwenye safari ya fimbo. Ya pili unazungusha kikombe cha chini chenye nyuzi, mwili mzima wa shokapu unakuwa mfupi na safari ya fimbo inabaki ileile. Kwa gari la chini nachagua ya pili hata kama ni ghali, lakini hapo lazima uhakikishe tairi haigusi madigadi gurudumu likipanda mpaka juu. Na wapo wanaokaza kola wakidhani wanaifanya springi kuwa ngumu. Springi ya kawaida yenye koili za nafasi sawa haibadiliki ugumu kwa kukazwa, gari linapanda tu.

Tukinunua vitu vilivyotumika kutoka Japani, na wengi wetu ndivyo tunavyonunua, someni ubavu wa springi. Mara nyingi kuna namba tatu: upana wa ndani, urefu ikiwa huru, na ugumu. Namba zimefutika? Mimi siinunui. Shokapu ya gesi isukume fimbo mpaka ndani uiachie, irudi yenyewe taratibu bila kukwama. Pitisha ukucha kwenye fimbo. Ukucha ukinasa, sili inayozuia mafuta itakufa karibuni. Na chumvi ya hewa yetu haina huruma: kola za aluminiamu juu ya nyuzi za chuma zinashikana kabisa. Osheni kwa maji yasiyo na chumvi, pakeni grisi, zungusheni kola hata mara moja kila miezi mitatu ingawa hamna haja nayo.

Springi za upepo nimeulizwa sana. Ni raha, na unaweza kuinua gari ukifika kwenye tuta. Unyevu wa huku unaingia kwenye tangi, kwa hiyo asiyekuwa tayari kumwaga maji ya tangi na kutafuta mivujo kila mara asiguse.

Tairi nayo ni springi. 205/55 ya rimu 16 ina ubavu wa milimita 113 hivi, 225/40 ya rimu 18 ina 90. Milimita 23 za raba na upepo umezitupa kabla hujafika kwenye koilova. Unguja tunapita Jozani, ambako matuta yaliwekwa kwa ajili ya kima punju wanaovuka barabara, wanyama wasiopatikana popote duniani ila visiwani kwetu. Matuta yale yanafanya kazi njema, nami nataka yabaki. Basi rimu yako ichague ukijua kuwa yapo.

La mwisho ni la mafundi. Bushi za mikono, zile pete za raba kwenye maungio yake, zimeshikamana na chuma ndani na nje, raba yake inajipinda mkono unapopanda. Ukizikaza gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, ukilishusha zinakaa zimejipinda siku zote. Gari linakuwa gumu na bushi zinachanika upesi. Zifungeni kwa mkono tu, shusheni gari likae kwa uzito wake, ndipo mkaze. Kisha alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Nimeona gari likilaumiwa springi miezi minne, na kosa lilikuwa hili la bushi tu.

Nimekuja na jeki, tepu ya kupimia na kamba ndogo za plastiki za kufungia waya. Tutafunga moja kwenye fimbo ya shokapu ya ile IST, tuisukume mpaka chini, kijana alizunguke gari mpaka Gombani na kurudi, akiwa amepakia watu wanne. Kamba itakapokuwa imesimama ndipo gurudumu lilipofika, na tutajua imebaki milimita ngapi kabla ya raba. Tutokeni nje, bado kuna mwanga.