Arifa ya Mauzo Ifuate Pesa Iliyoingia

Ndugu zangu wafanyabiashara, hamjambo. Kile kijisanduku kinachochomoza pembeni mwa skrini mnakijua: "Mteja wa Nakuru amenunua kiondo, dakika 4 zilizopita." Sitawaeleza kinavyobandikwa kwenye tovuti, maana wengi wenu mnacho tayari. Nimekuja na neno lile lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti: kama nyuma ya arifa hiyo hakuna pesa iliyoingia, izime.

Nendeni steji yoyote hapa mjini mchana, wakati abiria ni haba. Makanga amewakalisha garini watu wa kulipwa. Abiria anachungulia, anaona vimebaki viti viwili, anaingia na kulipa. Punde wale wanashuka mmoja mmoja, naye anabaki akingoja gari lijae. Kesho hatahesabu vichwa, ataangalia nani ana mzigo na nani ameshika nauli. Mteja wako naye yuko hivyo. Anasoma "dakika 2 zilizopita", anarudi jioni, anakuta jina lile lile na dakika zile zile 2. Kuanzia hapo hata bei yako haiamini, hata ahadi yako ya kuleta mzigo haiamini.

Mtaniambia, mbona wote wanafanya hivyo? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walipekua tovuti za mauzo zipatazo 11,000, na wakakuta nyingine zikibuni idadi ya wanunuzi kwa namba za kubahatisha. Wenye tovuti hizo waligunduliwa kwa kusomwa msimbo wao tu, yaani maandishi yanayoiendesha tovuti, na msimbo huo uko wazi kwa yeyote mwenye kivinjari. Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa.

Lakini wanaonisikitisha zaidi ni waaminifu wanaodanganya bila kujua. Sikilizeni vizuri hapa. Mteja akibonyeza Lipa, seva yako, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, inatuma ombi la malipo kwa M-Pesa, na papo hapo M-Pesa inajibu ResponseCode 0. Fundi anaona sifuri, anafurahi, arifa inaruka. Sifuri hiyo inasema ombi limepokelewa, basi. Mteja bado anaitazama simu yake, hata namba ya siri hajaweka! Jibu la malipo linakuja baadaye, kwenye anwani uliyoitaja ndani ya ombi, nalo lina ResultCode. Hapo ndipo 0 ina maana pesa imeingia. Ukiona 1032, mteja ameghairi. Ukiona 1, salio halitoshi. 1037 ni simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Ukiiruhusu arifa itoke kwa jibu la kwanza, kila aliyeghairi umemtangaza mnunuzi, na mwenye salio pungufu aliyejaribu mara 3 amekuwa wateja 3. Kwa hiyo subiri ResultCode 0, hifadhi namba ya risiti, kisha toa arifa moja kwa risiti moja, kwa kuwa jibu lile lile laweza kufika mara mbili.

Tazameni na saa. Muda wa muamala kwenye jibu la M-Pesa ni wa Nairobi, na seva nyingi zinafuata UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Usipoligeuza hilo, ununuzi wa saa nne asubuhi unasomeka kuwa wa saa saba mchana, saa ambayo haijafika, na kuna programu zitakazoandika "sasa hivi" mpaka hiyo saa saba ipite. Mji nao uuchukue kwenye fomu ya kupelekewa mzigo. Ukiukisia kwa anwani ya intaneti, mtu wa Kisii anayetumia data ya simu huenda akaandikwa wa Nairobi.

"Duka langu ni changa, napata oda 2 kwa wiki, nionyeshe nini?" Usionyeshe! "Amenunua siku 6 zilizopita" inamwambia mgeni kwamba duka limelala. Weka sharti kwamba bila malipo ndani ya saa 48, kijisanduku kisitokee. Mahali pake weka maoni ya mteja aliyekubali maneno yake yatumike.

Muda unanibana, niharakishe. Jina, mji mdogo, bidhaa na saa, vikikaa pamoja, vinatosha jirani kumjua mtu. Andika "mteja wa Kajiado", na dawa au vipimo vya ujauzito usivitangaze kabisa. Faini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kile kilicho kidogo. Kwenye simu, kijisanduku kisifunike kitufe cha Lipa wala cha WhatsApp. Kianze baada ya sekunde 10, kikae 5, kisizidi mara 3 kwa ziara moja, na ukurasa wa malipo kisiukanyage.

Aliye na kompyuta hapa afungue duka lake sasa hivi, aweke oda, kisha aghairi kwenye simu. Tutazame skrini pamoja tuone kama kijisanduku kitatokea.