Kipindi cha 61: Marahaba Bila Shikamoo

ELISHA: Haya, tumerudi barazani. Wiki iliyopita niliendesha peke yangu, mkanilalamikia kweli kweli, mmoja akaandika "mrudishieni Zuu kiti chake". Huyu hapa. Kiti kimerudi.

ZUHURA: Jumatano alfajiri nimetua, Eli. Miguu bado imevimba.

ELISHA: Pole na safari, dada. Sasa kabla hujafungua mdomo, ona hii karatasi. Mambo saba ya usalama kwa mtu anayekwenda kutembea nchi za watu. Nimekaa nayo siku mbili. Leo tunaanza la kwanza mpaka la saba, hatukati kona.

ZUHURA: Tutafika. Ila wacha nianze na ile brashi.

ELISHA: Ile ya kwenye sauti uliyonitumia saa sita usiku?

ZUHURA: Hiyo hiyo. Niko Istanbul, siku ya tatu. Binamu yangu kaenda Laleli, mtaa wa maduka ya jumla, kufunga mzigo wake wa Kariakoo, mimi nikasema leo natembea, mimi ni mtalii. Nikashuka tramu ya T1 pale Eminönü, nikaanza kuvuka daraja la Galata kwa miguu. Daraja lile, pande zote mbili wamesimama watu na fimbo za kuvulia, mistari kabisa, ndoo za samaki wadogo miguuni. Mzee mmoja ananipita, kabeba sanduku la kung'arishia viatu. Sanduku la shaba, limenakshiwa, chupa za rangi zimepangwa juu kama kabati la harusi. Ananipita, mara brashi inaanguka. Kwa! Ya mbao, nywele nyeusi, mpini umelainika kwa kushikwa. Na yeye anaendelea kutembea tu.

ELISHA: Na wewe ukaiokota.

ZUHURA: Mtu aliyelelewa Tanga aiache brashi ya mzee chini? Nikaiokota, nikamkimbilia. "Baba! Baba! Umeangusha!" Kwa Kiswahili, maana ndicho kilichotoka. Akageuka, uso wote unacheka, mkono kifuani, akasema "Merhaba!"

ELISHA: Akaitikia.

ZUHURA: Eli, nilishtuka! Mimi sijatoa shikamoo na mzee keshaitikia marahaba. Nikajiona sina adabu. Nikamwambia, "Shikamoo baba", ili tu mambo yakae sawa.

ELISHA: [anacheka] Ukalipa deni.

ZUHURA: Nikalipa deni! Na nchi nzima iko hivyo. Unaingia dukani, marahaba. Unapanda boti ya kwenda Kadıköy, upande wa Asia wa mji, marahaba. Mtoto wa miaka sita ananiambia mimi marahaba!

ELISHA: Huyo angechapwa Tanga.

ZUHURA: Kwao ni salamu tu, kama "habari". Neno limetoka Kiarabu, wao wakalichukua wakalifanya la kuanzia, sisi tukalifanya la kujibia. Basi mzee akanishukuru, akaniketisha kwenye kigoda, akashika kiatu changu. Nikasema hapana, hapana. Akasema "hediye". Nikasikia hidaya. Zawadi, bwana! Nani anakataa hidaya ya mzee?

ELISHA: Hapo sasa. Ngoja niwaambie wasikilizaji. Mchezo huo ni wa zamani pale Istanbul, brashi haianguki kwa bahati mbaya. Inaangushwa mbele ya mgeni, mgeni akiokota anapewa "asante" ya kung'arishiwa viatu, na katikati ya kazi inakuja hadithi ya mtoto mgonjwa.

ZUHURA: Ilikuja! Akaniambia yeye si wa Istanbul, ni wa Ankara, mji mkuu wao. Mtoto yuko Ankara, hospitali iko Ankara. Ankara, Ankara, Ankara. Akamaliza kiatu cha pili, akanyoosha mkono, lira mia sita.

ELISHA: Mtu wa Ankara akakupa ankara.

ZUHURA: [wanacheka wote] Na ankara yenyewe kama ya umeme wa miezi mitatu! Nikasimama, nikasema haiwezekani, umesema hidaya. Sauti ikapanda. Akasimama na yeye, sanduku kaliweka mbele ya miguu yangu, na hapo, Eli, nisiseme uongo, moyo ulinienda mbio. Niko peke yangu, lugha siijui. Mara mvuvi mmoja, mzee kuliko yule, akaacha fimbo yake. Akaja akasimama katikati yetu. Akamwambia yule wa viatu, "Ayıp! Ayıp! Misafir!"

ELISHA: Misafir...

ZUHURA: Aibu. Aibu, huyu ni msafiri. Nimeelewa kila neno! Ila nikaja kuambiwa na binamu jioni kwamba kwa Kituruki misafir ni mgeni, yule unayemkaribisha nyumbani. Neno letu la mtu wa njiani, kwao ni mtu wa sebuleni. Yule wa viatu akachukua sanduku lake akaondoka. Mvuvi akarudi kwenye fimbo, wala hakusubiri asante.

ELISHA: Sasa hapo ndipo jambo langu la kwanza linapoingia. Karatasi hii: "Fanana na wenyeji." Da Zuu, mimi nakuuliza. Ulivaa nini siku hiyo?

ZUHURA: Koti langu la kitenge.

ELISHA: Lile la njano.

ZUHURA: Lile la njano, na mtandio.

ELISHA: Lile koti, mtu akiwa upande wa Asia analiona lilivyo upande wa Ulaya! Wapita njia pale ni maelfu, brashi ikaangukia kwako. Ilichagua. Ungevaa koti jeusi kama wao, usisimame kupiga picha kila hatua kumi, utembee kama unayekwenda kazini, brashi ingeangukia mtu mwingine.

ZUHURA: Na mvuvi je? Mvuvi alijuaje kama mimi ni misafir? Kwa koti. Kilichomwita mwizi ndicho kilichomwita mtetezi.

ELISHA: Hiyo ni bahati.

ZUHURA: Si bahati, nisikilize. Siku mbili za mwanzo baridi ilinishinda, nikavaa koti jeusi la binamu, lile la kujaa kama godoro. Nikatembea Aksaray na Laleli kama unavyotaka wewe, kama mwenyeji. Weusi wapo kule wengi, wengine wanaishi, Wasenegali wanauza saa barabarani. Unajua nilisimamishwa mara ngapi na polisi? Mara mbili. Pasi, pasi. Tangu 2023 wana magari yao ya kukagua wageni, wanayasimamisha barabarani wanaangalia karatasi za watu. Mara ya kwanza nikatoa kopi, akatikisa kichwa, anataka pasi yenyewe. Koti la njano na kamera shingoni, siku nne, sikuulizwa hata mara moja. Mweusi akijichanganya Istanbul hachanganyiki na Waturuki, Eli. Anachanganywa na wasio na karatasi. Nao ni watu, wanahangaika, mimi nilikuwa na tiketi ya kurudi nyumbani.

ELISHA: Hilo nakubali kwamba lilikukuta. Lakini mara mbili kwa siku mbili si ushahidi. Mimi nina Nairobi.

ZUHURA: Nairobi tena.

ELISHA: Nairobi tena! Pale sina koti la njano. Rangi yangu yao, nguo zangu zao. Nimesimama mtaa wa Tom Mboya, nikamwambia kijana, "Samahani kaka, naomba unielekeze zinapopakia gari za Rongai." Nilipomaliza tu sentensi nikaona macho yake yamebadilika. Akaita mwenzake. "Ah, Mtanzania! Karibu sana!" Mmoja kulia, mmoja kushoto, wananipeleka kwa upendo. Kufika stendi, wao hawapo na simu haipo. Kilichoniuza ni "samahani kaka". Ni "naomba".

ZUHURA: Adabu yako ndiyo iliyokuuza?

ELISHA: Ulimi wangu. Tangu siku hiyo nikiingia Nairobi ni "niaje", sentensi fupi, siulizi barabarani, naingia dukani namuuliza mwenye duka. Nimekwenda mara tano, sijapoteza hata kalamu. Kufanana kunalinda.

ZUHURA: Na mimi Nairobi naongea Kitanga changu chote. Mama wa mboga pale Gikomba alinipa kigoda na chungwa, akasema nizidi kuongea anasikia raha. Akamtuma mwanawe anipeleke mpaka mlangoni mwa matatu.

ELISHA: Kwa sababu ulimpata mama. Ungempata yule kijana wangu?

ZUHURA: Na wewe ungempata mama yangu, ungemwambia "niaje" akakuona mhuni.

ELISHA: Lakini huwezi kupanga usalama wako ukitegemea utakutana na nani!

ZUHURA: Kwani wewe unategemea nini? Unategemea hawatakuona. Mimi wataniona tu. Mwanamke, mweusi, mtandio. Basi bora wanione vizuri, wanijue. Hotelini nilijifunza jina la kijana wa mapokezi siku ya kwanza, duka la maji pale chini siku ya kwanza. Siku niliyochelewa, wa maji alikuwa mlangoni anaangalia barabara. Alikuwa ananisubiri mimi.

ELISHA: Nami nasema siku atakapokuangalia mwenye nia mbaya, atakuwa anajua chumba chako na saa zako. Kujulikana ni mlango wa pande mbili. Mimi dada yangu wa damu akisafiri, sitamwambia avae la njano.

ZUHURA: Na mimi mwanangu wa kike nitamwambia alivae.

ELISHA: Hapa hatukubaliani.

ZUHURA: Hatukubaliani. Endelea na karatasi yako.

ELISHA: La pili. Teksi. Hakikisha mita imewashwa, na...

ZUHURA: Teksi! Hujasikia ya mgahawani.

ELISHA: Zuu.

ZUHURA: Fupi. Tumekula, nikamwambia binamu kwa Kiswahili, "Mwite huyu kijana alete ankara." Kijana kasikia. Akaja mbio, "Ankara? Ankara?" Akatoa simu, akaanza kutuonyesha ratiba ya treni!

ELISHA: [anacheka] Ile ya kasi?

ZUHURA: Ya kasi! Anatuandikia saa ya kuondoka. Binamu akasema, "Hesap, hesap." Hesabu! Kumbe kule ankara ni mji na bili ni hesabu. Nikatoa daftari hapo hapo nikaanza kuandika. Duka, dükkân. Sabuni, sabun. Dunia, dünya. Habari, haber. Sanduku...

ELISHA: Sandık. Hilo ulinitumia.

ZUHURA: Askari je? Asker. Ila kwao ni mwanajeshi, siyo polisi. Nilimwita polisi "askari", akacheka mpaka akasahau pasi yangu iko mkononi mwake.

ELISHA: Sasa hilo ndilo la usalama! Hilo nalikubali lote. Namba ya dharura kule ni 112, ila mtu akijua maneno kumi ya...

ZUHURA: Ayıp ndilo la kwanza. Mtu akikushika mkono sokoni, mwambie ayıp, kwa sauti, watu wote wageuke. Aibu inafanya kazi haraka kuliko kelele za kuomba msaada. Nimelitumia mara mbili, sokoni na kwenye tramu.

ELISHA: Kwenye tramu nini tena?

ZUHURA: Mkono kwenye begi. Nilikuwa nimelivaa mbele, kama ulivyonifundisha wewe.

ELISHA: Hilo ni jambo la nne! La nne kwenye karatasi! Limefanya kazi!

ZUHURA: Limefanya kazi, sikatai. Begi mbele, koti la njano juu yake.

ELISHA: [anapumua] Mtu wa mitambo ananionyesha vidole. Tumebaki na ngapi?

ZUHURA: Mbili.

ELISHA: Dakika mbili, na niko jambo la pili. La tatu lilikuwa la pesa kuziweka sehemu mbili, la tano la kufika mji mpya mchana, la sita na la saba... basi, tutayaweka wiki ijayo, Zuu akiwa hana safari.

ZUHURA: Dakika nayo ni ya kwao.

ELISHA: Nini?

ZUHURA: Dakika. Kituruki, dakika. Hawajabadilisha hata herufi moja.