Faili ya Meza ya Pili Isivuke Bahari

Habari za mchana, ndugu zangu wa Busia. Mlio nyuma sogeeni, maandishi ya skrini hii ni madogo.

Asubuhi nimemwona kijana humu ukumbini akimpa mwenzake video ya megabaiti 700. Mwenzake ameketi meza ya pili. Kijana akaipandisha intaneti, mwenzake akaishusha. Video imevuka bahari ikarudi, kumbe safari yenyewe ni mita mbili! Bando lililoliwa ni gigabaiti 1.4, na tangu Julai 2021 bando letu hapa Uganda lina kodi ya asilimia 12. Hapo kodi imelipwa na anayetuma na anayepokea.

Ruta ile ukutani haingoji intaneti ili kuunganisha kompyuta mbili. Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, ofisini kwetu tuliendelea kupeana faili. Waya wa megabiti 100 kwa sekunde hubeba kama megabaiti 12, maana baiti moja ni biti nane, kwa hiyo video ile ni dakika moja tu.

Tazameni. Nafungua terminali ya Linux, yaani dirisha la kuandikia amri, naandika `ip addr`. Namba hii, 192.168.1.14, ndiyo anwani yangu humu ndani. Naingia kwenye folda, `cd Video`, kisha `python3 -m http.server`, amri inayoigeuza folda hii kuwa tovuti ndogo ya humu ndani. Basi. Dada mwenye simu, uko kwenye Wi-Fi yetu? Andika kwenye kivinjari `http://192.168.1.14:8000`. Umeiona orodha? Gusa, ichukue.

Lakini hiyo `cd` iliwahi kuniaibisha. Siku moja niliisahau, nikaiwasha amri nikiwa kwenye folda yangu kuu. Nusu saa nzima ofisi ikawa inasoma barua yangu ya kuomba mkopo. Amri hii haiulizi paswadi wala haichagui mgeni. Andika `pwd` kwanza ujue umesimama wapi, na ukimaliza bonyeza Ctrl na C.

Vya siri vipitishe kwa `scp`, amri ya kunakili faili kwenda kompyuta nyingine. Inasafiri ndani ya SSH, njia ya siri ya kuunganisha kompyuta, aliyoitunga Mfini Tatu Ylönen mwaka 1995, baada ya paswadi kunaswa kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. Mashine inayopokea iwe na programu ya `openssh-server`. Halafu, kumpelekea Asha mwenye kompyuta ya 192.168.1.20:

`scp hesabu.ods asha@192.168.1.20:`

Mmeziona nukta mbili za mwisho? Ukizisahau, kompyuta hainung'uniki. Inakunakilia faili palepale ulipo, kwa jina `asha@192.168.1.20`, nawe unampigia Asha simu kumuuliza kama imefika.

Faili ikiwa kubwa, kwa umeme wetu huu, weka `rsync -avP` mahali pa `scp`. Ukikatika, ngoja urudi, rudia amri ileile. Sehemu iliyokwisha kufika haipotei, mradi mashine inayopokea haikuzimika ghafla.

Naam, mzee? Windows? Ndiyo, Windows 10 ina `scp` tangu 2018. Ile ya `ip addr` kwako ni `ipconfig`. Haya, fungueni mashine zenu, paswadi ya Wi-Fi iko ubaoni.