Kidude kilipolia saa tisa usiku

Jamani habari za nyumbani! Mnaniona na koti ndani ya nyumba, msicheke. Hapa Minneapolis, Marekani, leo ni nyuzi 18 chini ya sifuri, na hita kubwa imezimwa mpaka fundi aje. Tuna kahita ka umeme, kanapasha vidole tu.

Juzi saa tisa usiku, kile kidude cheupe pale ukutani kikaanza kulia. Pi pi pi pi, kimya, pi pi pi pi. Mimi na usingizi wangu nikajua betri imeisha. Nikaichomoa, nikarudi kulala.

Msinipige mawe! Betri ikiisha, kidude hulia mara moja tu, kifupi, kikae weee, ndiyo kilie tena. Milio minne mfululizo ni kwamba kimenusa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Na wakati kinalia hakuna aliyekuwa anaumwa. Ndivyo kilivyotengenezwa, kilie kabla mwili haujazidiwa.

Baadaye mwanangu akaja analia kichwa, akatapika. Baba yake naye kichwa. Nikasimama, nikayumba. Homa hakuna hata mmoja. Sasa mafua gani hayo ya kutushika wote kwa saa moja?

Tukatoka na nguo za kulalia, makoti juu, tukahesabiana, mbio kwa jirani. Huko ndiko nilikopigia 911, namba ya dharura ya huku. Nikataka kurudi nikafungue madirisha na kuchukua pasipoti, mume wangu akanikamata mkono. Ukishatoka umetoka, mpaka zimamoto wapime waseme ingieni.

Walikuja na kipimo chao, wakashuka besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba. Theluji ilikuwa imeziba bomba la nje la kutolea moshi wa hita, basi moshi wote unarudi kwetu. Mmoja wao akaiona ile betri juu ya kabati. Akaniangalia, hakusema kitu. Bora angenigombeza.

Sasa mtaniambia huko hatuna hita. Mkaa je? Kwetu Njombe, Juni na Julai, baridi inauma. Tunasubiri mkaa ukolee, moshi uishe, ndiyo tunaingiza jiko chumbani na kufunga dirisha. Nimekulia hivyo. Kumbe mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa hewa hii hii, na moshi ulikuwa angalau unatukohoza tukatoka. Hii inamkuta mtu usingizini, inashika damu mahali pa oksijeni, asubuhi watu wanasema amerogwa. Na huko chumbani hakuna cha kulia pi pi.

Mama, najua unatazama kwenye simu ya Neema. Lile jiko leo libaki barazani. Blanketi la pili liko kwenye sanduku la bluu, chini ya mashuka.